Kiti Kimechomelewa Vizuri, Mbona Kimevunjika Tena?

Hotuba ya kamati ya afya kwenye hafla ya Uhuru

   

Tumepewa dakika ishirini kabla ya chakula, na harufu ya pilau tunaisikia kama mnavyoisikia ninyi. Kila sherehe ya 9 Desemba kamati ya afya huzungumzia presha, kisukari na uchunguzi wa saratani. Mwaka huu tumeomba kuzungumzia alumini. Kwenye kikao cha maandalizi baadhi ya wajumbe walicheka: wauguzi na alumini wapi na wapi? Tuvumilieni kidogo.

Kontena letu la nyumbani huondoka kila mwaka, na ukiacha magodoro na vitabu, mzigo mkubwa ndani yake ni vifaa vya watu wasioweza kutembea vizuri: magongo, fremu za kutembelea, viti mwendo. Nchi hii ina vifaa hivyo hadi vinakera. Mtu anavunjika mguu, anapewa magongo, anapona, na magongo yanalala chini ya ngazi miaka kumi yakigombania nafasi na mashine ya kufagilia. Kule kwetu yupo mtu aliyekatwa mguu anayetembelea fimbo aliyochongewa na mjukuu wake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 80 duniani wanahitaji kiti mwendo, na wengi wao hawakipati. Kwa hiyo hatusemi kontena lisiende. Liende.

Mwezi wa nane hospitali moja ya wilaya, ambayo hatutaitaja, ilitutumia picha za viti viwili. Havikutoka kwetu, walivipata kwa wafadhili wengine. Vyote viwili fremu ilipasuka chini ya kikalio, vikapelekwa kwa fundi wa kuchomelea mjini, vikarudi vimenyooka, vikapakwa rangi, na baada ya wiki chache vikavunjika tena. Mzee mmoja alikuwa anavushwa mtaro na mwanawe kiti kilipokatika. Aliumia nyonga, na ninyi mnajua maana ya nyonga kwa mzee. Ujumbe ulioambatana na picha ulimlaumu fundi kwa kazi ya kulipua.

Tuliikuza ile picha kwenye simu. Mshono wa fundi ulikuwa mzima, tena mzuri, umekaa kama mshono wa cherehani. Bomba halikukatika pale lilipochomelewa. Lilikatika pembeni, upana wa kidole kimoja kutoka kwenye mshono. Na kile kiti cha pili kadhalika. Kwa watu waliozoea kuangalia vidonda, mahali kidonda kilipo huwa ni nusu ya jibu.

Tukampelekea picha kijana wetu mmoja anayefanya kazi kwenye kiwanda cha sehemu za magari hapa Midlands. Alijibu kabla chai haijapoa: "Anti, hiyo imepoteza ugumu wake. Moto wa kuchomelea umeufuta." Ikabidi tumwombe aeleze polepole. Sisi tuliosomea shahada ya uuguzi katika nchi hii tukiwa watu wazima, tukiandika insha usiku watoto wakiwa wamelala, hatuoni haya kumwomba mtu arudie. Tunayowaletea leo ni yale tuliyojifunza kwake na kwenye vitabu alivyotuazima.

Alumini tupu ni laini. Sufuria ya zamani ya mama, ile ya alumini nyembamba, ikianguka inabonyea. Ili alumini ibebe mtu inachanganywa na vitu vingine kwa kiasi kidogo sana, na mchanganyiko huo huitwa aloi. Lakini kuchanganya peke yake hakutoshi.

Mwaka 1906, huko Neubabelsberg karibu na Berlin, mtaalamu wa metali aitwaye Alfred Wilm alikuwa anatafuta aloi ya alumini iliyo ngumu. Alichanganya alumini na shaba, kama asilimia nne, na magnesiamu kidogo, akaipasha moto mkali, akaitosa kwenye maji kama wahunzi wanavyofanya na chuma. Chuma cha pua ukikitosa kinakuwa kigumu papo hapo. Alumini yake ilitoka laini. Ilipopimwa tena baada ya mapumziko ya mwisho wa wiki, ilikuwa imekuwa ngumu yenyewe, bila kuguswa na mtu. Aloi hiyo iliitwa Duralumin, na miaka michache baadaye ikawa mifupa ya ndege-puto za Zeppelin. Sababu haikuonekana hadi mwaka 1938, pale Guinier wa Ufaransa na Preston wa Uingereza, kila mmoja kwa upande wake, walipotumia miali ileile ya eksirei tunayopigia picha mifupa na kugundua kwamba ndani ya metali ile kulikuwa na vikundi vidogo mno vya chembe za shaba vilivyojikusanya.

Wale wanaotoka Kilimanjaro na Kagera wataelewa upesi tukisema ndizi inavundikwa. Huiivishi ndizi kwa moto wa kuchemsha. Unaifunika mahali pa joto la wastani na kuipa siku zake. Ukifunua mapema bado mbichi, ukiisahau inalegea na kuoza. Alumini hufanyiwa karibu hivyohivyo. Aloi inayotumika sana kwenye viti na magongo inaitwa 6061, na ndani yake kuna magnesiamu na silikoni. Kwanza inapashwa hadi nyuzi joto kama 530 za Selisiasi, ili vitu hivyo viyeyuke ndani ya alumini ingali yabisi, mfano wa sukari kwenye chai ya moto. Halafu inatoswa kwenye maji upesi, ndani ya sekunde chache, ili ile sukari ibaki imenaswa, isipate nafasi ya kujitenga. Mwisho inavundikwa: nyuzi 160 kwa saa 18, au nyuzi 175 kwa saa 8. Katika saa hizo magnesiamu na silikoni hujikusanya katika vipunje vidogo sana, vingi sana, vilivyotawanyika kila mahali, na hivyo vipunje ndivyo vinavyozuia metali kuteleza juu yake yenyewe inapobebeshwa mzigo.

Tofauti yake si ndogo. Aloi hiyo ikiwa laini kabisa huanza kupinda bila kurudi kwa mkazo wa megapaskali 55 hivi. Ikishatibiwa kwa joto, ni 276. Mara tano. Madini yaleyale na uzito uleule. Kilichoongezwa ni joto na muda.

Sasa turudi kwa fundi wetu wa mjini. Anapochomelea, mshono unayeyuka, na bomba lililo jirani linapita kwenye nyuzi 300, 400, kwa muda ambao hakuna aliyeupima. Vile vipunje vilivyopangika vizuri vinameza vyenzake, vinakuwa vikubwa na vichache, kama ndizi iliyosahaulika kwenye shimo. Wahandisi wanaochora vitu vya alumini ya kuchomelea huhesabu kwamba inchi moja kila upande wa mshono imedhoofika, na kiungo cha 6061 kilichochomelewa bila kutibiwa tena hukihesabia nusu na kitu tu ya nguvu zake za awali. Inchi moja. Picha yetu ilionyesha upana wa kidole. Fundi yule hakulipua kazi. Alifanya kwa alumini kile kile ambacho kwa chuma kingetosha, na hakuna aliyemwambia kwamba alichoshika mkononi kina dozi.

Tunasema dozi kwa makusudi. Jambo hili la joto na muda wauguzi tunaliishi. Otoklevu ikiwekwa nyuzi 121 inataka dakika 15. Ikiwekwa 134 inatosha dakika 3. Joto likipanda, muda unashuka, lakini hakuna anayeruhusiwa kubuni. Vyombo vinavyotakaswa kwa hewa moto isiyo na mvuke vinataka nyuzi 160 kwa saa mbili. Na hapo ndipo tulipogutuka sisi wenyewe tukiwa tumeshika kitabu: nyuzi 160 ni zilezile za kuvundikia bomba la kiti! Ile oveni ya hewa moto inayokaa maabara, hata oveni ya kuokea keki, inaifikia hatua ya mwisho ya tiba hii. Ya kuanzia ndiyo iliyo ngumu. Nyuzi 530 oveni ya keki haijui. Hiyo ni kazi ya tanuri, na tanuri la kiwandani linapasha kuta zake, hewa yake, rafu zake, na kisha ndipo bomba lako. Nani atanunua tanuri la namna hiyo kwa ajili ya viti viwili vya hospitali ya wilaya?

Hapo ndipo umeme unapoingia, na si kwa maana ya tanuri la umeme. Maana yake ni kupitisha mkondo wa umeme ndani ya bomba lenyewe.

Wale tuliofanya kazi chumba cha upasuaji tunaifahamu daiathemi. Daktari ameshika kalamu yenye ncha, na pajani kwa mgonjwa tumebandika bamba pana. Umeme uleule unapita sehemu zote mbili. Penye ncha njia ni nyembamba, joto ni kali, mshipa wa damu unazibika. Penye bamba njia ni pana, mgonjwa hasikii kitu. Bamba likibanduka nusu, paja linaungua. Kwa hiyo joto linazaliwa pale pale umeme unapobanwa, na hupati hasara ya kupasha chumba kizima. Kwa bomba la alumini ni vivyo hivyo: bana huku, bana kule, pitisha umeme katikati, na bomba lenyewe linageuka kuwa koili ya jiko.

Tulikaa na yule kijana wetu tukapiga hesabu. Chukua bomba la unene wa milimita 25, ukuta wake milimita 2, urefu sentimita 40. Lina uzito wa gramu 156 hivi. Kulitoa kwenye joto la chumba hadi nyuzi 530 kunahitaji kilojuli 80, ukiacha zinazopotelea kwenye vibano. Tukauliza, hiyo ni kiasi gani kwa lugha ya jikoni? Ni joto la kuchemsha robo lita ya maji. Kikombe kimoja cha chai! Birika la umeme tunalotumia hapa lingeitoa nguvu hiyo kwa nusu dakika. Tulirudia hesabu mara mbili kwa sababu hatukuamini.

Ugumu upo, na msije mkaenda kujaribu gereji leo usiku. Alumini hupitisha umeme kwa urahisi mno, ndiyo maana nyaya za kwenye nguzo hutengenezwa kwa alumini. Kitu kinachopitisha kwa urahisi hakipati joto kwa urahisi. Kulipasha bomba letu kwa nusu dakika kunataka karibu ampea elfu nne, wakati volti zinazohitajika hazifiki hata moja. Linganisheni: fyuzi ya plagi ya birika lako ni ampea 13, na mashine ya kuchomelea ya mtaani hutoa mia moja au mia mbili. Ampea elfu nne zinatoka kwenye transfoma maalumu, ya jamii ya zile zinazounganisha mabati ya magari kwa kuyabana na kuyapiga umeme. Volti ndogo kiasi hicho haikurushi, lakini pete au saa ya chuma ikigusa mahali pasipotakiwa, kidole ni cha kukatwa. Na kibano kisipokaa sawasawa, yanatokea yaleyale ya bamba la daiathemi: bomba linayeyuka pembeni kabla ya katikati kupata joto.

Viwanda navyo havihangaiki na mambo haya kwa ajili ya wagonjwa wetu. Vinahangaika kwa sababu ya magari. Kila kilo inayopunguzwa kwenye gari ni mafuta au betri iliyookolewa, na baadhi yenu humu ukumbini mnajua zaidi yetu jinsi bodi za alumini zilivyoingia kwenye viwanda vya mkoa huu. Kikwazo ni kwamba bati la chuma linatoka kwenye mashine likiwa tayari, na la alumini linasubiri tanuri. Ndipo watafiti, hasa wa China na Korea Kusini, na wengine Ulaya na Marekani, wakawa wanapitisha umeme, ama mfululizo ama kwa mapigo mafupi mafupi, kwenye aloi hizi, na kuripoti kwamba hatua iliyokuwa inakula nusu saa au zaidi inaweza kufupishwa hadi dakika, na nyingine hadi sekunde. Hata kuvundika kwenyewe, kule kwa masaa, kunafupishwa.

Kuna ubishi wa kitaalamu hapo, na tunautaja kwa sababu vijana wataukuta. Tangu miaka ya 1960 huko Umoja wa Kisovyeti, Troitskii na wenzake walisema metali inayopitishiwa mapigo ya umeme inanyooka kwa urahisi kuliko inavyotarajiwa. Wapo wanaoshikilia kwamba umeme unazisukuma chembe zenyewe, ndiyo maana mambo yanakwenda mbio. Wapo wanaosema ni joto tu, lililopimwa vibaya kwa sababu limetokea ghafla. Ubishi haujaisha. Kwa kiti cha mzee wetu haubadilishi kitu: kwa ile hatua ya nyuzi 530, joto peke yake linatosha, na umeme unalileta haraka mahali tunapolitaka.

Haraka nayo ina bei. Aloi ya 6061 huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 582 hivi. Kutoka 530 tunayoitaka hadi 582 tusiyoitaka ni nyuzi hamsini tu, na kwa umeme wa kasi hiyo unazivuka ndani ya sekunde chache. Mbaya zaidi, alumini haitoi onyo. Chuma kikipata moto kinakuwa chekundu, fundi anaona. Alumini inabaki na rangi yake ileile hadi dakika inapoanguka chini. Mafundi wa zamani wa bodi za magari hupaka sabuni ya kipande juu ya bati na kungoja iwe nyeusi, lakini hiyo ni kwa kulainisha, kwenye joto la chini zaidi. Kwa 530 haikusaidii. Inatakiwa waya wa kupimia joto uguse bomba, na kifaa kinachokata umeme chenyewe. Ni kama pampu ya dripu: hutegemei jicho la muuguzi aliyechoka saa tisa usiku.

Tena kuna vile vipunje vilivyokwisha kuwa vikubwa karibu na mshono. Hivyo haviyeyuki kwa kuguswa tu na joto, vinataka kushikiliwa hapo kwa muda, kwa hiyo umeme unapunguzwa na bomba linabakizwa kwenye 530 kabla ya kutoswa. Bomba jembamba likitoswa linaweza kujipinda. Na fremu ya kiti si bomba moja. Imeungana huku na huku, na umeme, kama maji ya mvua, unapita popote penye njia. Ukibana vibaya utapasha upande wa pili na kuuharibu uliokuwa mzima. Waya wa kuchomelea pia una mambo yake, si kila waya unaitikia tiba hii sawasawa na bomba. Msimamo wetu wauguzi ni kwamba hakuna mgonjwa anayekalishwa kwenye fremu ya majaribio. Kipimo cha kimataifa cha uimara wa viti mwendo kinakizungusha kiti juu ya magogo yenye vizuizi mara 200,000 kabla ya kukikubali. Hatuna mashine hiyo, lakini mifuko ya mchanga na barabara ya mashimo hatukosi.

Hapa mtu atauliza, na kwenye kikao aliuliza: kwa nini tusipeleke vya chuma tu, yakaisha? Swali hilo lina akili, na tutalijibu bila kuzunguka. Kwa vijiji vingi, ndiyo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2008 kuhusu viti mwendo kwa nchi zenye uwezo mdogo unasisitiza kwamba kiti kiweze kutengenezwa pale pale kinapotumika. Kiti cha chuma fundi yeyote mwenye mashine atakichomelea, na kitashika. Lakini chuma kina uzito karibu mara tatu ya alumini kwa ujazo uleule. Mama mwenye mtoto wa miaka kumi na miwili asiyetembea, anayembeba yeye na kiti kupandisha daladala, huyo usimwambie habari ya chuma. Binti anayejisukuma mwenyewe kwenda chuo kwa mikono yake, kila kilo anaihesabu begani. Tumewauguza watu wa namna hiyo na tumeona tofauti ya kiti chepesi: mtu anatoka nje bila kuomba. Kwa hao alumini si anasa, na hatutaki ikivunjika iishie kwa wanunuzi wa chuma chakavu na kurudi mtaani ikiwa sufuria.

Basi kwa kontena lijalo tunaomba yafuatayo yabadilike. Kila kiti na kila gongo kabla halijapakiwa liandikwe kwa rangi isiyofutika ni metali gani. Kama karatasi za mtengenezaji zinataja aloi, iandikwe namba. Hili si jambo la makaratasi tu. Kuna aloi nyingine, 7005, inayotumika kwenye baadhi ya fremu, ambayo ikishachomelewa hujirudishia sehemu kubwa ya nguvu zake yenyewe ikiachwa ipumzike kama mwezi mmoja, kama ile ya Wilm. Kwa macho hazitofautiani. Fundi akiisoma 6061 anajua asichomelee, na akiisoma 7005 anajua amwambie mgonjwa asubiri.

Palipoandikwa 6061, kwa sasa tunashauri ufa usichomelewe kabisa. Pitisha kipande cha bomba ndani au kiwiko cha nje, funga kwa boliti, na alumini ibaki na ugumu wake. Kwa wenzetu wa Zanzibar, Tanga na pwani yote, boliti ya chuma ikigusana na alumini kwenye hewa ya chumvi, alumini inaliwa. Weka washa za plastiki katikati. Tutapakia mfuko wa boliti, vipande vya bomba na washa pamoja na kila viti kumi, na karatasi moja ya maelezo kwa Kiswahili chepesi yenye michoro. Karatasi tumeshaiandika. Mtu wa kuchora bado tunamtafuta.

La tatu ndilo la majaribio. Pale Moshi, KCMC, kuna chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na viti mwendo kutoka nchi nyingi za Afrika. Hao ndio watu wa kuongea nao, si sisi kuwapelekea mashine kama zawadi ya harusi. Tungependa kwanza tujaribu hapa hapa: transfoma iliyotumika, vibano vya shaba, kipima joto, ndoo ya maji, oveni kuukuu, na mabomba ya magongo ambayo hayafai tena kutembelewa. Kata bomba, lichomelee, litibu, lipinde, andika. Halafu fanya hivyo kwa mabomba mengine hamsini. Tukishakuwa na daftari lenye majibu, mazuri na mabaya, ndipo tuandike barua kwenda Moshi kuuliza kama lina faida kwao, na wao watatuambia ni kitu gani karakana yao inahitaji na umeme wao unaweza nini. Tusishangae wakisema boliti zinatosha.

Vijana watatu wa uhandisi wamekwisha kujiandikisha, wawili wa kiume na binti mmoja, na huyo binti ndiye aliyerekebisha hesabu yetu ya vibano. Tunahitaji mzazi mwenye gereji yenye paa na jirani mvumilivu, na mtu mwenye cheti cha umeme wa viwandani wa kusimamia, kwa sababu bila yeye hatutawasha kitu. Magongo mabovu yaleteni, hata yaliyopinda. Daftari liko kwenye meza yetu karibu na mlango, upande wa pili wa pilau, pamoja na mashine ya presha, maana hiyo hatukuisahau. Wazee waanze kupimwa kabla ya kula, siyo baada.